Tulivyoushikilia Mguu wa Liam Madaktari Wakigoma

Maji yawe vuguvugu. Naanza na hilo kwa sababu nawajua nyinyi vijana mnaotoka chuoni siku hizi, mna haraka. Mnatia maji ya moto kwenye ndoo ili plasta ishike upesi mwende chai. Plasta inayoshika kwa haraka hivyo inajitengenezea joto lake, na mgonjwa aliyekuja na mkono uliovunjika anarudi kwake na mkono uliovunjika na kuungua. Mimi nikikukuta na maji ya moto, siku hiyo ulinijua vizuri. Mgonjwa mwenyewe ndiye alikuwa anakuombea msamaha.

Nimefunga plasta katika hospitali ya umma hapa Thika maisha yangu yote ya kazi, hadi nikastaafu. Mimi si daktari. Nasema mapema, maana Thika nzima iliniita daktari mpaka nikachoka kukataa. Nilikuwa fundi wa plasta. Mtu akivunjika daktari anaamua, mimi nafunga. Akipona mimi ndiye namfungua, na hapo ndipo wananipenda.

Kazi nilifundishwa na Mzee Gitau, Mungu amlaze pema, mtu mkali mwenye viganja vipana. Ukibonyeza plasta mbichi kwa ncha za vidole alikuchapa mkono mbele ya mgonjwa. "Kiganja! Kwani unakanda chapati?" Ncha ya kidole inaacha shimo, shimo linakauka, na ndani yake ngozi inaoza polepole bila mtu kujua. Kiganja hakiachi kitu. Siku ya kwanza kunipa msumeno wa umeme, mgonjwa alikuwa mwuza nyama mmoja wa Ruiru, jitu la miraba minne. Alianza kupiga nduru kabla sijauwasha. Mzee Gitau akaunyakua, akauwasha, akauweka kwenye kiganja chake mwenyewe. Ule msumeno hauzunguki jamani, unatetemeka tu, unakata kitu kigumu na ngozi unaiacha. "Umeona?" akamwuliza. Mwuza nyama aliona, akashuka kitandani, akatoka mbio na plasta yake, na siku nzima tulikuwa tunaulizana jamaa yule atafunguliwa na nani.

Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kliniki ya Jumatatu. Hiyo ni ya watoto wachanga waliozaliwa na nyayo zilizopinda kuingia ndani. Kila wiki unaunyoosha mguu kwa mkono, kidogo tu, pale unapokubali wenyewe, kisha unaufunga plasta kuanzia vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Wiki inayofuata unatoa, unanyoosha tena kidogo, unafunga tena. Mwishowe mguu wote unakuwa sawa isipokuwa kisigino, ambacho bado kinavutwa juu na ile kano ya nyuma. Hapo daktari anaingiza kisu chembamba, anaikata kano, kisigino kinashuka, na mimi nafunga plasta ya mwisho. Kano inajiunga tena ikiwa ndefu, na mtoto atatembea kama wenzake. Niambieni, kuna kazi ngapi hapa duniani ambazo mtu anaingia akiwa amepinda na anatoka akiwa amenyooka?

Wamama tuliwapa masharti. Njoo na mtoto akiwa na njaa, ili nikimfunga awe ananyonya, maana mtoto anayenyonya hana habari na mguu wake. Na asubuhi ya kliniki, loweka plasta kwenye beseni nyumbani, itoe, mwoshe mtoto, uje naye mguu ukiwa wazi. Plasta iliyolowa inatoka kama bandeji, hakuna msumeno wala kilio. Lilikuwa sharti zuri sana, ila lilitegemea kliniki iwe wazi.

Mgomo wa madaktari ulianza Jumatatu.

Nilifika nikakuta benchi limejaa na mlango wa daktari umefungwa kwa ufunguo. Mgomo ulikuwa umetangazwa redioni, lakini mtu mwenye mtoto mchanga anasikiliza redio saa ngapi? Wote walikuwa wameloweka. Ngai, Mungu wangu! Miguu ilikuwa wazi benchi zima, safi, inanukia mafuta, inarusha mateke hewani.

Wa kwanza kwenye benchi alikuwa Shiru, mama wa Liam, kutoka Mugutha. Watoto wa siku hizi ni Liam na Jayden tu. Ukiita Liam kwenye benchi letu nusu ya wamama wanainuka. Huyu Liam wa Shiru alikuwa amemaliza plasta zake zote za kunyoosha, na Jumatatu hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kukatwa kano.

"Guka, daktari yuko wapi?" akaniuliza. Wote huniita guka, babu. "Leo si ndiyo siku yetu?"

Nikamwambia madaktari wamegoma.

"Wamegoma kivipi? Mimi nimetoa plasta!"

Sasa hapo ndipo mnielewe vizuri. Mguu ulio tayari kwa kisu haungojei mtu. Ukiuacha wazi, unaanza kurudi ulikotoka. Mtoto naye anakua, anataka kusimama, na kile kitu kilichokuwa kikatwe asubuhi moja akinyonya kinageuka upasuaji mkubwa wa kulazwa, au kilema cha maisha. Shiru alikuwa anajua hayo yote, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia kila Jumatatu ili asikose kuja.

Msimamizi alipita akasema kliniki zote zimefungwa, tunapokea dharura tu. Nikamwambia hizi ni dharura, ila zinanyonya. Akaniangalia, akasema, "Shauri yako, mzee," akaenda zake. Nilijaza ndoo nikafunga miguu yote iliyokuwa kwenye benchi. Liam nilimfunga plasta ya kushikilia, yaani hainyooshi kitu, inauzuia tu mguu usirudi. Kukata si kazi yangu, na kisu cha watu sijawahi kukitamani.

Aliyekuwa akate ni Daktari Mwende, msichana wa Machakos, mdogo kuliko binti yangu wa mwisho. Mchana tulikuwa tunakula pamoja kwenye chumba cha plasta, chapati na madondo, yaani maharagwe, ya mama mmoja wa nje ya geti, na mara nyingi nililipa mimi huku daktari akitazama ukuta kwa aibu. Mshahara wao ulikuwa unachelewa miezi. Ukija, unakuja nusu na maelezo. Kuna Jumatatu moja mwenye nyumba wake huko Ngoingwa alimfungia mlango kwa kufuli, koti lake jeupe likabaki ndani. Alikuja akavaa aproni yangu ya plasta, ikamfika viatuni, akahudumia watoto wote hivyo hivyo. Wamama walimcheka na yeye akacheka. Kliniki ilipoisha aliingia kwangu, akafunga mlango, akalia mpaka nikakosa mahali pa kuweka mikono yangu.

Kwa hiyo mtu asije kuniambia madaktari waligoma kwa tamaa. Mimi niliyaona. Walikuwa wanatakiwa wafanye kazi ya kuokoa watu huku wao wenyewe hawajui watalala wapi.

Lakini nitawaambia na hili, kwa sababu ni kweli: nikiushika ule mguu wa Liam, nilimkasirikia Mwende. Nilikasirika sana. Nilikuwa upande wake na nilikuwa nimemkasirikia, yote mawili kwa wakati mmoja, na kama hujawahi kuwa hivyo basi bado hujafanya kazi ya umma.

Na watu nao hawakunipa nafasi ya kupumua. Kwa kinyozi, madaktari hamna utu. Sokoni, madaktari mnapenda pesa. Jumapili kanisani mama mmoja akashika kipaza sauti akaomba Mungu awaguse madaktari mioyo yao iliyo migumu. Nikafungua jicho moja. Kanisa zima lilikuwa limefungua jicho moja, linanitazama mimi. Fundi wa plasta!

Siku moja mchana Shiru akanipigia simu. Nyuma yake nilisikia firimbi na kelele.

"Guka, niko hapa mjini. Daktari wako yuko huku barabarani anacheza na matawi. Uje umwambie, ama nimwambie mimi."

"Shiru, ngoja kwanza—"

Alikuwa amekata. Nilitoka na aproni yangu, plasta ikinikaukia mikononi, na nilipowafikia tayari alikuwa amesimama katikati ya barabara mbele ya maandamano, Liam mkononi, ile plasta yake imenyooshwa mbele kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Mwende alikuwa na firimbi mdomoni. Aliiacha ikaanguka. Na unajua alifanya nini kwanza, kabla ya salamu? Alibonyeza vidole vya mguu wa mtoto, akaangalia kama damu inarudi. Mkono ulienda wenyewe.

"Nani amemfunga?"

"Si ni guka. Wewe si hukuwepo," Shiru akamjibu.

Basi, mwenye duka la dawa pale karibu alikuwa na foleni ya watu. Walipoona daktari anapima mtoto barabarani, mwanamke mmoja akatoka kwenye foleni na eksirei yake. Akampa daktari wa kwanza aliyemfikia, na yule kijana akainyanyua juani akaanza kuisoma, tawi bado liko kwapani. Akaja mzee na kikohozi. Wakaja wengine. Mara foleni imejipanga yenyewe katikati ya barabara, na magari yanapiga honi. Kiongozi wao, daktari mmoja mrefu mwenye kipaza sauti, akapiga kelele, "Wenzangu! Tumegoma! Hapa si kliniki!" Cucu mmoja, bibi mzee, akamvuta ukosi wa koti akamwonyesha uvimbe shingoni. Akashusha kipaza sauti, akainama. Nikamsikia kwa masikio yangu akimwuliza, "Umeanza lini, cucu?"

Nilicheka, siwezi kukataa. Lakini Shiru hakuwa anacheka.

"Mkate," akamwambia Mwende. "Guka yuko hapa. Hospitali iko pale. Ni dakika."

"Siwezi, Mama Liam."

"Huwezi ama hutaki?"

"Nikiingia kumkata mmoja, kesho watasema madaktari wamerudi kazini na hakuna shida. Daktari aliyekuwa akikata kabla yangu aliacha kazi akaenda ng'ambo. Wa kabla yake pia. Nikiondoka na mimi, mwakani watoto watakatwa na nani?"

"Mimi sina mtoto wa mwakani. Nina huyu." Shiru akamwinua mtoto. "Kwa hiyo mguu wa mtoto wangu ndio wa kuwaongezea nyinyi mshahara?"

Mwende aliutazama ule mguu. Machozi yalimjaa hapo mbele ya wenzake wote. Akanigeukia. "Guka, unaweza kuushikilia?"

"Mpaka lini?"

"Sijui."

Nikasema naweza. Sikuwa na hakika, lakini kuna wakati mtu anataka jibu na wewe ndiye uliyesimama hapo. Shiru alimfunga mtoto mgongoni akaondoka bila kumuaga mtu.

Jumatatu iliyofuata wamama wote walikuja isipokuwa yeye. Nikapiga simu yake. Ilipokelewa na mama mkwe wake, kwa furaha kabisa. "Hiyo saruji tumeiloweka tumetoa, daktari. Hakuna haja ya kumtesa mtoto na nyinyi hamfanyi kazi. Nitamkanda mafuta."

 Nilimaliza miguu iliyokuwa kwenye benchi, nikatia bandeji za plasta na pamba kwenye mfuko, nikachukua boda boda hadi Mugutha. Msiniige; vitu vya hospitali havitoki getini, na msimamizi alinisomea makosa yangu baadaye hadi nikaona haya. Nilimkuta huyo mama mkwe, cucu wa Liam, kwenye veranda amempakata mtoto, anamkanda. Ule mguu ulikuwa umeanza kuingia ndani. Kidogo tu, wewe usingeuona. Mimi niliuona kutoka getini.

"Shiru yuko wapi?"

"Yuko ndani. Amesema hataki kuona mtu wa hospitali."

Sikubishana. Niliomba beseni, nikaomba maji vuguvugu, cucu akaleta ya moto, nikaomba mengine. Nikaanza. Liam naye alikuwa na njaa na hakuna wa kumnyonyesha, kwa hiyo akalia, na mtoto akilia hivyo anakaza mguu wote, hata Mzee Gitau asingemfunga. Cucu akamletea chupa, akaitema. Akamwimbia, akazidisha. Mimi nikaimba, ikawa mbaya zaidi. Nikaita kuelekea dirishani, "Shiru, chukia sisi wote, una haki. Lakini huyu anataka kunyonya na mimi nataka mguu wake ulegee."

Nikangoja. Halafu mlango ukafunguka, akatoka macho yamevimba, akakaa kwenye kiti, akamchukua mtoto wake.  Liam alinyamaza, mguu ukalegea mkononi mwangu kama kitambaa, nikautuliza kwa kiganja, nikafunga.

"Jumatatu nitakuja," akasema nilipokuwa nanawa. "Lakini huyo daktari nisimwone."

Alikuja kila Jumatatu. Jumatatu zilienda. Bandeji zilipungua nikawa naziomba kwa kila mtu niliyemjua hospitalini, na kila wiki nikifungua nilikuwa nashika pumzi hadi nione kisigino. Liam aliongezeka unene, akaanza kucheka, na mimi nilianza kuogopa.

Mgomo uliisha kwa makubaliano yaliyotiwa sahihi mbele ya kamera. Asubuhi ya kwanza Daktari Mwende alifika mapema kuliko wafagiaji, na koti lake mwenyewe. Nilikuwa nimempigia Shiru. Alikuja, akakaa, akatazama ukuta.

Mwende aliushika ule mguu. Akaukunja, akaunyoosha, akapapasa mfupa baada ya mfupa.

"Haujarudi, guka."

"Ungerudi wapi na mimi niko?"

Alitia dawa ya ganzi, akashika kisu, na mkono wake ukaanza kutetemeka. Hakuwa ameshika kisu tangu mgomo uanze. Akakirudisha kwenye sinia. "Niongeleshe, guka," akasema polepole.

"Nikuongeleshe nini?"

"Chochote."

Nikamhadithia kisa cha jamaa wa Ruiru aliyeamua mgomo usimcheleweshe, akaenda kukatwa plasta ya mkono kwa fundi wa kuchomelea mageti, na mashine ile ya kukata vyuma. Waliishia katikati kwa vile vumbi liliwaziba macho, wakaja kwangu wote wawili, fundi bado amevaa miwani yake, weupe kutoka kichwani hadi miguuni.  Aliyelalamika ni fundi: "Guka, hii saruji yenu mnanunua wapi? Imenimalizia jiwe la kukatia!"

Mwende alicheka hadi mabega yakatikisika. Akavuta pumzi, akachukua kisu, na mkono ulikuwa umetulia. Ilikuwa kitu cha kupepesa macho. Tone moja la damu, na kisigino kikashuka. Liam hakuacha hata kunyonya.

Niliichovya bandeji, nikangoja povu liishe, nikaanza kufunga plasta ya mwisho.  Shiru ndiye aliyeanza, bila kuinua uso.

"Na ile pesa yenu, mlilipwa?"

"Wamesema watalipa," Mwende akajibu.

"Wamesema."

"Ndiyo."

"Na wasipolipa?"

Mwende alinitazama mimi. Mimi nikaitazama plasta. Hilo halikuwa swali la fundi.

"Tutagoma tena, Mama Liam. Siwezi kukudanganya."

Nilidhani Shiru atatumwagia ile ndoo. Shiru alimhamisha mtoto titi la pili, akamtengeneza kofia, akautazama ule mguu uliokuwa mikononi mwangu, umenyooka, plasta inaanza kupata joto.

"Basi mkigoma tena unipigie simu," akamwambia. "Nitakuja tuandamane. Huyu pia nitakuja naye, lakini sitambeba. Atatembea."